Baraza la Sola: Uzeni Barafu Kwanza

Wasomaji wangu, masalkheri. Barua za mwezi huu, ukizikung'uta, zinauliza jambo moja: nimeunda kitu cha nishati, kinafanya kazi, mbona hakinunuliwi? Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Nimekaa nayo dakani, baraza ya mlangoni, hapa Langoni, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), jioni mbili, na kila nikiikunja naifungua tena.

*

«Bi. Fundi, assalaam aleikum. Sisi ni vijana watatu wa kisiwa cha Kiwayu. Mmoja wetu alisomea umeme chuo cha ufundi, wawili ni wavuvi. Huku barafu huja kwa boti kutoka Amu, na ikifika nusu yake ni maji. Basi tukaunda friza ya sola: paneli nne za wati 100, betri mbili, kompresa, na sanduku tulilolitengeneza wenyewe. Inatoa kilo 12 za barafu kwa siku. Paneli moja tulinunua 6,000, betri moja 28,000. Bei yetu ni shilingi 180,000. Kilo ya barafu hapa ni shilingi 25. Tumeipeleka kwenye maonyesho mara mbili. Watu wamepiga picha, wakubwa wametupa mikono na kadi zao. Mwaka umekwisha hatujauza hata moja. Baba aliuza mashua yake kutusaidia. Tumekosea wapi?» — Vijana wa Kiwayu

Waalaikumu salaam, wanangu. Nilipofika kwenye mashua ya baba yenu niliiweka barua chini. Kwa mtu wa Kiwayu kuuza mashua ni kuuza mkono. Kwa hiyo sitawasifu halafu niwaache. Mmeshasifiwa vya kutosha huko maonyeshoni.

Kugandisha maji kwa jua katika joto la huku si kazi ndogo, na mmeiweza. Kosa liko kwenye hesabu ya mnunuzi. Chukueni kalamu. Kilo 12 kwa shilingi 25 ni shilingi 300 kwa siku. Mtu aliyetoa 180,000 atahitaji siku 600 za kuuza kila kipande, pasiwe na wingu, pasikatike waya. Sasa hesabuni siku za bahari. Kusi likishika, kwenye mwezi wa nne au wa tano hivi, huko nje kwenu hakwendeki; mvuvi yuko nyumbani anashona nyavu mpaka upepo utulie. Tuseme zimebaki siku 200 za kuvua kwa mwaka. Siku 600 basi ni miaka mitatu. Na hizo betri za risasi na asidi, kwa joto letu, zikimalizwa kila usiku hadi chini ya nusu, haziioni miaka mitatu. Siku mnunuzi anaporudisha pesa yake ndiyo siku anapodaiwa 56,000 za betri mpya. Mvuvi hakuandika hesabu hii popote, lakini anaijua, maana ndivyo alivyoungua na mashine ya boti, na nyavu, na kila alichouziwa na mgeni. Ndiyo maana anapiga picha na kwenda zake.

Neno langu la kwanza: toeni betri.

Najua mtaruka. Lakini jiulizeni betri ile yafanya kazi gani. Yaweka jua la mchana ili kompresa igandishe usiku. Kwa nini msigandishe mchana, mkaweka barafu yenyewe? Barafu ndani ya sanduku lenye kuta nene ni akiba ya jua kama betri ilivyo akiba, na haifi kwa joto la mwezi wa pili. Friji za chanjo zinazotumia jua moja kwa moja hufanya hivyo katika zahanati nyingi za Afrika: hugandisha mchana, na ile barafu ndiyo inayolinda dawa hadi asubuhi.

Kwa bei zenu wenyewe, betri mbili ni 56,000. Ongezeni paneli nne, 24,000. Kompresa itabidi iwe na nguvu zaidi kwa sababu itafanya kazi saa za jua tu, na iwe ya kuanza polepole, isiyotaka umeme mwingi kwa mkupuo. Wekeni 20,000 za hiyo. Mashine imeshuka hadi 168,000, na ina paneli nane. Paneli ya wati 100 hapa kwetu siku ya jua zuri hukupa karibu nusu uniti ya umeme kwenye karatasi. Ukitoa joto na vumbi ni chini ya hapo, kama sehemu nne za kumi za uniti. (Zile wati 100 hupimwa paneli ikiwa na joto la digrii 25. Juu ya paa la Kiwayu saa saba mchana paneli ina digrii 60, na kila digrii inayozidi yapunguza kidogo.) Friza yenu, kwa takwimu mlizonipa, inakula kama uniti moja na theluthi kwa kilo kumi. Paneli nane basi zitawapa kilo 24. Kilo 24 ni shilingi 600 kwa siku. 168,000 kwa 600 ni siku 280. Tumetoka miaka mitatu tumeingia mwaka mmoja na nusu wa bahari, na hakuna betri inayosubiri kufa. Unene wa kuta za sanduku utawaongezea zaidi. Hapo msibane pesa.

Hata hivyo, msiiuze bado. Neno la pili ni hili: uzeni barafu kwanza.

Nitawapa mifano ya karibu. Kiunga, jirani zenu wa kaskazini, tangu 2018 pana mtambo wa sola wa kilowati 50 unaogeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa, kiwango chake hadi lita 75,000 kwa siku. Mama aendaye pale na dumu haulizi paneli ni ngapi. Anaonja maji. Na mbali na pwani, Meru, katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Harold Burris pamoja na mwalimu Mark Hankins walifunga sola katika shule ya Karamugi na kuwafundisha vijana wa pale kazi ya ufundi. Kutoka mafundi wale na wauzaji wa mijini soko la Kenya likakua kwa fedha taslimu za wananchi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nyumba zaidi ya laki moja zilikuwa na sola. Mnajua walionunua walitaka nini sana? Televisheni. Walikuwa walimu na wakulima wa chai na kahawa, nao walitaka taarifa ya habari na mpira. Taa ilikuja pamoja nayo. Mfanyabiashara aliyewahubiria faida za jua alirudi na paneli zake. Aliyewasha TV nyeusi na nyeupe sokoni siku ya gulio akauza.

Kwa hiyo msimu huu wa upepo wa Kaskazi wekeni mashine moja pale boti zinaposhukia, iwe mali yenu, muuze barafu kila siku Mungu aliyoumba. Kuweni na daftari. Leo kilo ngapi zimetoka, nani kanunua, nani kakopa, zimebaki ngapi, jua lilikuwaje, nini kimeharibika na kimetengenezwa kwa shilingi ngapi. Kadi za wakubwa kwenye maonyesho haziwezi kumshawishi karani wa sacco; daftari la miezi minne lenye madoa ya maji ya samaki litamshawishi. Mradi wa serikali wa sola kwa kaunti 14 zisizofikiwa vya kutosha na laini ya umeme, ule wa KOSAP uliopitishwa 2017, uliitaja Lamu, na Kilifi pia ilikuwamo. Ikija fursa ya namna hiyo, nendeni nalo daftari. Lakini msikae gatini kuungoja mradi.

Sasa mambo ambayo hamkuniuliza, nami nayaogopa zaidi kuliko bei.

La kwanza ni maji. Kilo 24 kwa siku ni lita 24, na kwa miezi minne ya Kaskazi ni karibu lita 2,900. Kaskazi ndiyo kiangazi. Mtayatoa wapi? Mkiyatoa kwenye jabia, birika la maji ya mvua, wa kwanza kuwapinga atakuwa mama mwenye watoto wa kunywa maji yale, na haki itakuwa yake. Barafu ya samaki haihitaji maji ya jabia. Tumieni maji ya kisima chenye chumvi kidogo, ilimradi kisima ni safi, wala msiyachanganye na barafu ya sharubati. Wekeni alama kwenye vyombo. Siku mtoto akiharisha kwa ukwaju wenye barafu ya samaki, biashara imekwisha Kiwayu nzima.

La pili ni tajiri. Nyinyi wavuvi mnamjua: ndiye aliyemkopesha mwenzenu nyavu, ndiye mwenye sanduku la barafu, na kwa ajili hiyo samaki lazima wauzwe kwake kwa bei yake, jua lisije likawaoza. Mvuvi akipata barafu yake mwenyewe anaweza kungoja kesho. Tajiri ataliona hilo siku ya kwanza. Mkimwendea kwa vita, atawafungia milango kwa madeni ya watu. Mwendeeni kwa salamu. Barafu yake inayeyuka njiani kutoka Amu na hasara ni yake; muuzieni yeye kwanza, kilo kumi kila asubuhi kwa bei ya hapo hapo, na kumi na nne zilizobaki ziende kwa yeyote aliye na sanduku. Pelekeni pia habari kwa kamati ya BMU, chama cha kusimamia ufuo wenu, kabla hamjashusha hata paneli moja. Nimeona vitu vizuri vikikataliwa kwa sababu ya kutopiga hodi.

La tatu ni mkopo. Siku mtakapoanza kuuza mashine zenyewe, wachache watakuwa na 168,000. M-KOPA, kampuni iliyoanza kwa kukopesha taa za sola, walipoanza 2012, wakitumia M-Pesa, walifungua mlango mkubwa: mtu anatoa kianzio kidogo kisha analipa kidogo kidogo kila siku, asipolipa taa inazimika yenyewe. Ni akili nzuri, nami nimewasaidia majirani wengi kulipa kwa njia hiyo. Lakini malipo ya kila siku yanamfaa mtu wa bodaboda mwenye shilingi kila jioni. Mvuvi wa Kiwayu mwezi wa saba hana shilingi ya jioni. Pangeni malipo kwa pepo: Kaskazi alipe kikubwa, matlai alipe nusu, Kusi apumzike, na mwandikiane hivyo tangu mwanzo. Mkimzimia mashine mwezi wa saba mtakuwa mmemzimia mtu asiye na kosa, na habari itafika Ndau na Kizingitini kabla yenu.

La nne ni lile lililonifunza mimi, na nitalisimulia kama lilivyokuwa.

Nilianza 2009, Amu yetu ikiwa bado ya mashine za dizeli na umeme wa kukatika. Nilikuwa na paneli moja ya wati 40 na nikichaji simu hapa dakani, shilingi 20 kila simu. Mabaharia wa Pate waliacha simu asubuhi, wakazichukua maji yakijaa. Mwaka 2011 nikauza bangili zangu mbili za dhahabu nikanunua taa 40 za sola kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla Mombasa. Niliwauzia wanawake wenzangu ndani, mlangoni kwao, wanaume wauzaji hawafiki huko. Mama anaishika taa, anaiwasha jikoni mwake, anaona chungu chake bila moshi wa kibatari. Zilikwisha kwa wiki tatu. Kabla ya miezi minne kuisha, 26 zilikuwa zimekufa. Nilipompigia yule mfanyabiashara alisema mali ikishatoka dukani imetoka.

Nilirudi mlango kwa mlango. Niliyeweza kumpa taa nyingine nilimpa, niliyeweza kumrudishia pesa nilimrudishia, na wengine niliwalipa kwa miezi minane. Nililia sana mwaka ule. Lakini wanawake wale wale, 2013 nilipoleta taa zilizopimwa na zenye dhamana, walinifungulia. Mama mmoja wa Mkomani aliniambia, «Nanunua kwako kwa sababu wewe, kitu kikiharibika, waonekana.» Neno hilo sijalisahau.

Basi kabla hamjauza mashine ya kwanza, jibuni: ikinyamaza Jumanne, nani atakuja Jumatano? Kompresa ya akiba iko wapi, Kiwayu au Mombasa? Chumvi ya bahari itakula vichwa vya waya na fremu za alumini. Nani atapaka grisi, nani ataosha paneli kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya wiki mbili Kusi likivuma? Lazeni paneli mteremko kidogo, digrii kumi hivi, mvua izisaidie kuosha; hapa kwetu karibu na ikweta hakuna haja ya kuziinua sana. Mfundisheni kijana mmoja wa kila kijiji, na mlipe posho yake ndani ya bei ya mashine, tangu siku ya kwanza.

Hata wakubwa huteleza hapo. Kule Ziwa Turkana minara 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa imesimama tayari 2017, lakini laini ya kuupeleka umeme Suswa haikuwa tayari mpaka Septemba 2018. Upepo ulikuwepo, minara ilikuwepo, umeme haukumfikia mtu. Fundi wa kijiji na kompresa ya akiba ndiyo laini yenu.

Karatasi nazo msizisahau: tangu kanuni za sola za 2012, anayefunga mitambo hii anatakiwa kuwa na leseni, siku hizi inatolewa na EPRA, mamlaka ya nishati, na kuna daraja la chini kwa mitambo midogo na madaraja ya juu kwa mikubwa. Aliyesomea umeme kati yenu akaichukue. Mkianza kuunda nyingi, nendeni KEBS, shirika la viwango. Na kama kuna kitu kipya kweli ndani ya sanduku lile, pitieni KIPI, wanaosajili uvumbuzi, kabla ya maonyesho ya tatu. Bali maonyesho ya tatu, kwa maoni yangu, yangoje. Mnapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari; maji yakitoka hapapitiki hata na nahodha bora, na maji yenu ni daftari la msimu mmoja.

Mniandikie mwezi wa tatu, mniambie kilo ngapi. Na baba yenu mumpe salamu zangu. Mwambieni nimesema mashine ya kwanza iandikwe jina lake.

*

«Shikamoo Bi. Fundi. Mimi ni mama wa Malindi, upande wa Gede. Kikundi chetu cha akina mama kumi na wanne tunatengeneza makaa ya vifuu vya nazi, yale ya kufinyanga. Tulidhani yatamaliza kukata miti. Watu wananunua mara moja tu, hawarudi. Wanasema yanachelewa kuwaka, mengine yanatoa moshi, mengine yanavunjika. Tumeweka bei sawa na mkebe wa makaa ya kawaida. Tufanyeje?» — Mama wa Gede

Marahaba mama, na hongereni. Nimekuja Malindi nikaona vifuu vikitupwa marundo nyuma ya wakamua mafuta, moyo ukaniuma. Mnachofanya kina thamani.

Moshi na kuvunjika ni mambo ya jikoni kwenu, yatatibika. Moshi maana yake kifuu hakikuiva ndani ya pipa. Tazameni moshi wa pipa: ukiwa mweupe mzito, bado, ukiwa mwepesi, karibu hauonekani, hapo ndipo zibeni hewa yote, wala msifungue mpaka pipa lipoe kabisa. Kuvunjika ni ama unga haukusagwa laini, ama uji wa muhogo ni mwepesi, ama hayakukauka. Gongesheni mawili: yakilia kama vigae yamekauka. Vunjeni moja mtazame katikati. Likiwa na weusi wa unyevu lirudi juani. Miezi ya mvua ya masika jengeni kichanja chenye paa. Na kama mnatia udongo ili kuongeza uzito, acheni. Udongo unageuka jivu, jivu linaziba jiko, na mama mpishi anajua.

Kuchelewa kuwaka ni jambo lingine, hilo ni tabia yake. Makaa ya kufinyanga ni mazito, yanashika moto polepole kisha yanakaa nao. Mmewauzia nani? Nahisi mmewauzia majirani, mama anayetaka chai ya alfajiri kabla ya watoto kwenda shule. Kwake kukawia dakika kumi na tano ni kosa kubwa, na kudumu saa tatu hakumfai kitu, chai imeshanyweka. Mwacheni huyo kwa sasa. Nendeni kwa mwenye moto wa muda mrefu: muuza mishkaki, anayechoma samaki jioni, muuza kahawa wa mbirika, mpika maharagwe wa hoteli ndogo, shule yenye sufuria kubwa. Mtu wa mishkaki huongeza makaa mara tatu au nne usiku mmoja. Yenu ataongeza mara moja, na hayamrukii cheche machoni. Mpeni gunia moja la majaribio, mkae naye jioni nzima, mmoja wenu aandike. Kama mmepika pamoja naye na akaona mwenyewe, hamna haja ya maneno.

Kisha bei. Mkebe unawadhulumu. Makaa ya mti ni mepesi na yana nafasi katikati, yenu yamejaa. Mkebe wenu una moto mwingi kuliko mkebe wa jirani, mnauza sawa. Uzeni kwa kilo, kwenye mfuko uliofungwa, na mwambieni mnunuzi kilo hii inachemsha sufuria ya ukubwa gani kwa saa ngapi, kwa kipimo mlichopima wenyewe.

Na jambo moja msifanye hata mkibanwa: msiseme ni salama kuyawasha chumbani kwa kuwa hayana moshi. Makaa yoyote hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu waliolala wamefunga dirisha ili wapate joto. Andikeni kwenye mfuko, kwa herufi kubwa: tumia penye hewa.

Mlisema mlidhani yatamaliza kukata miti. Nawaelewa, nami nimetoka mahali penye mikoko. Lakini msilitarajie kwa siku moja: lile jiko la udongo na bati mnalolijua nyote, lenye kiuno chembamba, lilianzia kwenye jiko la Thailand miaka ya 1980 mwanzoni, na la kwanza halikufanana na hili. Vyungu vilipasuka, umbo likabadilishwa, kitako kikapanuliwa lisipinduke mama akisonga ugali, chungu kikabaki sehemu ya juu tu. Mafundi wa bati walijifunza kulitengeneza wenyewe kando ya barabara, wakashindana, bei ikashuka. Ilichukua miaka, na ilikuwa ni kurudi kwa mpishi, kurudi tena. Kikundi cha akina mama kumi na wanne kina faida ambayo mafundi wale hawakuwa nayo: nyinyi ndio wapishi.

Ongeeni na wakamua mafuta sasa hivi juu ya bei ya vifuu, na muandikishane. Leo wanavitupa. Wakiona gunia lenu la kwanza limeingia hotelini, kifuu kitakuwa na bei.

*

«Bi. Fundi, nimenunua taa ya sola yenye paneli kama daftari la shule. Boksi limeandikwa wati 1000. Muuzaji huja Jumamosi na boti ya Mokowe. Je, ni kweli?» — Msomaji wa Shela

Si kweli, bibi yangu, na huhitaji mashine kujua. Jua la saa sita likikupiga sawasawa, mita moja ya mraba hupokea kama wati 1000. Paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme, yaani wati 200. Ili upate wati 1000 unahitaji paneli za kufunika chumba kidogo. Sasa panga madaftari ya shule kwenye mita moja ya mraba: yataingia thelathini na kitu. Gawa 200 kwa hayo, unabaki na wati sita hivi. Sita zatosha taa nzuri na kuchaji simu. Ningekuwa na ugomvi mdogo naye kama angeandika sita.

Aliyeandika 1000 ameongopa juu ya jambo unaloweza kulipima kwa macho, basi lile usiloweza kulipima, betri iliyo ndani, usimwamini. Tangu mpango wa Lighting Africa uanze 2007, taa hizi zina vipimo vya kimataifa, na iliyofaulu huja na dhamana ya angalau mwaka mmoja. Tafuta dhamana kwenye boksi. Kama haipo, Jumamosi shuka gatini mapema, na boksi mkononi, na jirani mmoja wa kushuhudia. Mrudishie, umuombe pesa zako kabla boti haijajaa abiria wa kurudi.